Ukurasa wa NAS umekufa, diski ni nzima, na kila ninayemuuliza ananiambia "bonyeza riseti"

Wakuu, salaam. Mods, naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa "ninunue hadi diski gani". Haya ni malalamiko.

Kazi yangu ni video za harusi, sendofu na kipaimara, hapa Dar. Mafaili yake ni mazito, kwa hiyo nikanunua NAS: kiboksi cha kuhifadhia mafaili kinachofikiwa kwa mtandao wa ndani, chenye diski mbili za TB 4 kila moja, zimefungwa kwa RAID 1, yaani kinachoandikwa kwenye hii kinaandikwa na kwenye ile, moja ikifa nyingine inabeba. Jina la kampuni siliweki, bado tunaandikiana.

Sasa sikieni. Kila kitu cha hiki kiboksi, kuongeza mtumiaji, kubadili nywila, kuangalia afya ya diski, kinafanyika kwenye ukurasa wa usimamizi kupitia kivinjari. Hakina skrini, na hakina pa kuchomeka hiyo skrini wala kibodi. Ukurasa ukifa, huna pa kuingilia. Na ukurasa umekufa. Ninaandika anwani, kiduara kinazunguka weee, mwisho naambiwa seva imechelewa kujibu. Siku nyingine unafunguka, unaniletea sehemu ya jina na nywila, najaza, narudishwa pale pale bila hata neno la kosa. Taa ya mbele muda wote ni ya kijani. Kijani cha nini?

Kabla hamjaanza: ndiyo, nimezima na kuwasha. Ndiyo, nimefuta historia ya kivinjari, nimejaribu Firefox, Chrome, na simu ya mke wangu. Nimeingia kwa http na kwa https, kwa jina na kwa namba ya IP. Nimebadilisha kebo, nimeruka swichi nikachomeka laptopu moja kwa moja kwenye ruta. Hakuna.

Na mtandao wala si mbovu, ndicho kinachoniudhi zaidi. Nikituma pingi, yaani ile hodi fupi ya kujua kama kifaa kipo mtandaoni, kiboksi kinajibu fasta. Folda za kazi zinafunguka kwenye Windows, video inacheza bila kukwama. Kifaa kinachojibu pingi na kugawa mafaili hakina shida ya kebo, ruta wala IP. Kilichokufa ni ile huduma ya ndani inayotoa ukurasa, basi. (Kama chako hakijibu hata pingi, hiyo ni kesi nyingine. Angalia kwenye ruta kama IP imebadilika, na ukiona namba inayoanza na 169.254 ujue hakikupewa anwani na ruta, kimejipa chenyewe.) Kwa kuwa folda zilikuwa wazi, kitu cha kwanza nilihamishia kazi zote za wateja kwenye diski ya nje. Nanyi fanyeni hivyo kabla ya kugusa chochote. RAID haikuokoi ukifuta kitu, inafuta pande zote mbili.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Nikaeleza yote hayo, na picha juu. Jibu: "Mpendwa mteja, tafadhali futa historia ya kivinjari chako." Nikawaambia nimeshafuta. "Tafadhali badilisha kebo." Nimeshabadilisha, nimewaandikia hapo juu! "Tafadhali zima ulinzi wa Windows." Wakuu, simu ya mke wangu haina Windows. Mwisho ndipo wakatoa dawa yao ya magonjwa yote: chukua pini, bonyeza tundu la riseti nyuma.

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Kwenye vifaa vya namna hii tundu lile lile lina kazi zaidi ya moja. Mara nyingi ukibonyeza kwa muda mfupi unarudisha nywila na mipangilio ya mtandao, ukishikilia au ukirudia unaingia kusakinisha mfumo upya, na kuna vifaa vinavyofuta kila kitu. Chetu ni kipi kati ya hivyo? Karatasi ya ndani ya boksi ina michoro ya vidole, haina hata sentensi moja. Nikawauliza moja kwa moja: data itabaki? Jibu: "Tunashauri uwe na nakala ya data yako." Hilo ni jibu la swali gani?

Nikarudi Kariakoo dukani. Kijana wa pale hata hakukiwasha. "Bosi wangu, hiyo tuifomati tu, itakuwa mpya." Mwenzake akaongeza kwamba tukifungua poti kwenye ruta, yaani mlango wa kuingilia kutoka intaneti, ataweza kunitengenezea akiwa nyumbani kwake. Kaka, hapana. Juni 2021 watu waliokuwa na My Book Live, diski za mtandao za Western Digital, walikuta data yao imefutwa kupitia intaneti, na vifaa vyenyewe havikuwa na msaada wa kampuni tangu 2015. Januari 2022 wakaja DeadBolt, wale wa kufunga mafaili na kudai fidia, wakavamia NAS za QNAP zilizokuwa wazi mtandaoni: ukurasa wa kuingilia ukageuzwa barua ya kudai bitcoin 0.03. Sifungui poti kwa sababu fundi hataki kupanda daladala.

Wenye uelewa mtasema, si uingie kwa SSH, ile njia ya kukipa kifaa amri za maandishi kutoka kompyuta nyingine? Mkuu, SSH kwenye hiki kifaa imezimwa tangu kiwandani, na swichi ya kuiwasha iko wapi? Ndani ya ukurasa wa usimamizi. Ni kama fundi akufungie kitasa, halafu ufunguo wa akiba auache sebuleni na kuubamiza mlango. Naelewa kuizima ni kwa usalama, sibishi. Lakini basi wekeni njia nyingine, hata kitufe cha nyuma kinachoiwasha kwa nusu saa.

Niliyesaidiwa naye ni dogo wa mtaani kwetu anayesoma kompyuta. Kwanza akauliza kama umeme ulikatika karibuni, maana RAID ikizimwa ghafla huweza kuanza kukagua diski upya, na TB 4 kwa mwendo wa MB 150 kwa sekunde ni zaidi ya saa 7, muda wote huo ukurasa unakuwa mzito. Umeme kwetu unakatika, si siri, lakini hali yangu ilishapita saa 7 mbali sana. Basi akabonyeza kitufe cha kuzimia mpaka kikazima chenyewe, akatoa diski zote mbili akiandika namba ya kila nafasi, akazichomeka kwenye kompyuta ya mezani iliyowashwa kwa flashi ya Ubuntu, aina mojawapo ya mfumo wa Linux. Ndani ya hivi viboksi ni Linux ya kawaida, kwa hiyo mdadm, programu ya Linux ya kusimamia RAID, ikaziunganisha bila kelele. Alichomeka zote mbili kwa makusudi: ukirekebisha moja peke yake, pacha zinatofautiana na ukizirudisha RAID inalalamika.

Akaandika df -h, amri inayoonyesha nafasi iliyobaki kwenye diski. Sehemu ya data: karibu nusu iko wazi. Sehemu ya mfumo, ambayo wameitengea GB 2 na ushee tu: asilimia 100.

Faili moja la logi, yaani daftari ambamo programu huandika yanayoipata, ndilo lililojaza. Kumbe kuna huduma ya kufikia mafaili ukiwa mbali, imewashwa tangu kiwandani bila kuniuliza, na kazi yake ni kupiga hodi kwa seva ya kampuni. Bando likiisha, haifiki. Kila isipofika inaandika mstari: nimeshindwa kuunganisha. Sekunde chache, mstari mwingine. Miezi na miezi. Linux ina logrotate, programu ya miaka mingi ambayo kazi yake ni kukata logi na kufuta za zamani, na humo ndani imo, inakata logi nyingine zote. Hili moja wamelisahau. Mfumo ukikosa nafasi hata ya kuandika kifaili kidogo cha kukumbuka kwamba umeingia, unakurudisha kwenye nywila. Folda ziko sehemu nyingine ya diski, ndiyo maana zenyewe zilikuwa zinapeta.

Dogo akaliondoa lile faili, akarudisha diski kila moja mahali pake, ukurasa ukafunguka papo hapo. Wale wa huduma kwa wateja walitaka nibonyeze riseti.

Kifaa kinachouzwa kwa watu wenye intaneti ya bando hakikupimwa hata siku moja bila intaneti? Na kwa nini mfumo unaojaa usiwashe taa nyekundu, wakati taa ipo? Diski ikipata joto kinapiga kelele mtaa mzima usikie, mfumo ukijaa kijani tu.

Nimewatumia jina la faili, picha ya df -h na maelezo yote. Wamejibu: "Asante kwa maoni yako, tafadhali weka toleo jipya la mfumo." Nimeweka. Nimezima na ile huduma ya mbali, nimewasha SSH kwa ndani tu, na asubuhi hii nimeangalia: logi bado inakua. Huduma imezimwa kwenye ukurasa lakini yenyewe inaendelea kupiga hodi.

Kwa hiyo, wakuu wa Linux: nikiongeza faili hilo mwenyewe kwenye mpangilio wa logrotate, litadumu au toleo jipya likija linafutwa? Na kuna aliyefanikiwa kuiua kabisa huduma ya namna hii isiamke kiboksi kikizimwa na kuwashwa? Wa "bonyeza riseti" naomba wapite kimya kimya.