Baa ya taco hapa Dodoma: bia saba zimegeuka kumi na moja na mgeni wangu ndo kalipa

Wakuu habari za usiku. Mtanisamehe uandishi maana nina hasira mpaka mikono inatetemeka, ila hili jambo lazima nilisemee kwa sababu naona limekuwa mazoea Dodoma na watu tunalipa tu tunaondoka tunanung'unika kwenye bajaji.

Ni moja ya zile garden zilizoota baada ya serikali kuhamia huku, viti vya mbao, taa za kamba kwenye miti, mziki, kaunta ya nje, na hawa wamejiongeza wanauza taco. Jina siweki, wanaoijua wataijua. Shemeji yangu kaka wa mke wangu kaja na SGR kutoka Dar, mara yake ya kwanza kufika Dodoma tangu liwe jiji mwaka 2018, nikasema leo tusimpeleke mbuzi choma kila siku mbuzi choma, tumpeleke sehemu tofauti aone na sisi huku tumechangamka.

Tumekaa. Menyu hakuna. Kuna ubao umeandikwa kwa chaki mlangoni, sahani ya taco tatu 12,000, bia hazina bei. Namuuliza dada wa huduma bia bei gani anasema 3,500, sawa, hata kama dukani ni bei ya chini baa ni baa nakubali. Hii bei walipandisha Bunge la bajeti lilipoanza Aprili, wabunge wameondoka mwisho wa Juni bei imebaki palepale, lakini hilo nalo nimelimeza.

Chakula kimekuja baada ya muda mrefu sana, mpaka shemeji ameanza kuuliza kama mahindi bado yako shambani. Alafu kinachokuja wakuu ni chapati ya ngano, chapati hii hii ya asubuhi ya kunywea chai, imekatwa duara imekunjwa, ndani nyama ya mshikaki imekatwakatwa, kabichi, na tomato sosi ya chupa. Jamani taco ya Mexico inatoka kwenye mahindi, mahindi yanachemshwa na maji ya chokaa yanalazwa yanasagwa yakiwa bado yamelowa ndo unakanda unachoma kwenye bamba la moto, juu unaweka nyama, kitunguu, giligilani, pilipili ya kusaga na ndimu unakamulia mwenyewe. Sisi hapa tuko jirani na Kibaigwa, soko la mahindi watu wanatoka nchi za nje kuja kununua! Giligilani, ndimu, parachichi vyote vipo sokoni. Mtu unakosaje mahindi Dodoma? Na huu upepo wa Julai mnaujua wenyewe, hawajaweka hata turubai upande unaotoka upepo, vumbi lote linatua kwenye sahani, mke wangu kafunika chakula chake na leso mpaka anamaliza.

Sasa yote hayo ningenyamaza. Kilichonileta hapa ni bili.

Mke wangu hanywi pombe, kanywa soda mbili. Mimi na shemeji ndo tulikuwa na bia. Tangu mwanzo niligundua kitu, chupa ikiisha tu dada anaiwahi anaondoa, nikamwambia dada acha chupa mezani tutazihesabu, akasema bosi hataki meza ichafuke. Na zingine zinakuja zimeshafunguliwa kaunta, nikakataa, nikasema fungua hapa mbele yetu na kizibo bakisha. Mke wangu akawa anavipanga vizibo kwenye kisahani cha soda. Mwisho viko saba. Saba, na viko mezani kila mtu anaviona.

Linakuja karatasi limechanwa kwenye daftari, halina jina la baa, halina tarehe, limeandikwa kwa peni:

Taco 3 x 15,000
Bia 11 x 3,500
Soda 2 x 1,500
Huduma 5,000
Jumla 91,500

Sahani ya taco imetoka 12,000 iliyoandikwa kwenye ubao imekuwa 15,000. Bia nne zimeongezeka. Na hiyo "huduma" hakuna aliyetutajia. Piga hesabu wewe mwenyewe, halali yao ilikuwa 63,500, wametubandika 28,000 juu.

Nikaita meneja. Kijana kaja na simu sikioni, hajakaa hajasalimia, namwonyesha vizibo anasema "kaunta ndo imeandika hivyo, vizibo mtu anaweza kuweka mfukoni". Yaani mbele ya mke wangu na mgeni wangu naambiwa naficha vizibo mfukoni! Namwambia twende kwenye ubao tuone bei ya taco, tunafika ubao umeshafutwa ile sehemu ya bei, chaki bado inaonekana mbichi. Nikaomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikasema hiyo niandikie uongo wako ndani yake nitalipa, anasema mashine imegoma. Mashine hizi ziko nchini tangu 2010, kila siku TRA wanatuambia ukiuza toa risiti ukinunua dai risiti, na mnunuzi asiyedai naye ana faini, sasa mimi nimedai, nifanyeje? Huku tunabishana baunsa kaja kasimama nyuma ya kiti cha mke wangu. Hakusema kitu, kasimama tu.

Hapo shemeji kanyanyuka kasema "shem yaishe, mimi nalipa". Nimekataa, kang'ang'ania, tayari ana simu mkononi. Anauliza lipa namba ya baa, wanamwambia lipa namba ina shida tuma kwenye hii namba ya kawaida na uweke ya kutolea. Jina lililokuja kwenye simu sio la baa, ni la mtu tu. Kwa hiyo hela ya kubambikiwa imeingia mfukoni kwa mtu, serikali haijapata hata mia ya VAT, na gharama ya kuitoa kalipa mgeni wangu. Mgeni! Kaka wa mke wangu kaja kututembelea nyumbani kwetu kwa mara ya kwanza analipishwa deni la uongo mbele yangu. Mnajua hilo jambo linavyouma. Tumerudi nyumbani kwenye bajaji hakuna aliyeongea.

Kabla hamjaanza kuwatukana wadada wa huduma nisikilizeni. Wale wadada mshahara wao mnaujua, na baa nyingi mteja akikimbia bila kulipa au chupa ikivunjika anakatwa yeye. Kwa hiyo pengo la meza ile linafidiwa kwenye meza hii, hasa meza ikiwa ya mgeni au ya watu waliochangamka wasiohesabu. Yule dada alikuwa anaangalia chini muda wote mimi na meneja tunabishana. Simtetei, lakini mfumo huo kauweka mwenye baa, yeye ndo kakataa menyu, yeye ndo kaamuru chupa ziondolewe, na ile namba ya simu haiwezekani haijui. Biashara isiyo na bei ya maandishi hiyo ni mtego wa panya.

Na sio mimi peke yangu. Nimemsimulia jamaa yangu wa ofisini kule Mtumba asubuhi ya leo kacheka kwa uchungu, yeye hapohapo alilipia kilo mbili za mbuzi, hakuona ikipimwa, kilichokuja mezani mifupa na utumbo, kuuliza mizani iko wapi kaambiwa iko jikoni wateja hawaingii. Mwingine, dada wa chuo UDOM, yeye alipewa chenji pungufu akaambiwa arudi kesho achukue.

Kwa wanaoenda sehemu kama hizi: piga picha ubao wa bei ukiwa unaingia. Ningekuwa nayo picha ile yule kijana asingekuwa na la kusema. Bia ifunguliwe mbele yako, nyama ipimwe mbele yako kwenye mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo, na ukiambiwa tuma namba ya kawaida, toa keshi na dai risiti.

Karatasi lao ninalo, muamala wa shemeji upo na namba iliyopokea ipo. Jumatatu napeleka TRA, sijali kama watachukua muda. Na wewe mwenye baa kama unasoma hapa au kuna mtu atakusomea, sitaki ofa ya bia, sitaki kuitwa pembeni. Nataka 28,000 irudi kwenye namba iliyolipa, na yule meneja amwombe radhi mke wangu kwa kumsimamishia baunsa mgongoni.

Waliobambikiwa hapo wekeni picha za bili zenu hapa.