Eksirei inasema pingili ziko sawa. Nikapige MRI ya kiuno?

Dereva wa Tunduma: Wakuu, naendesha semi Dar–Tunduma. Kiuno kinauma tangu masika, na siku hizi maumivu yanashuka takoni, nyuma ya paja, hadi kidole gumba cha mguu wa kushoto. Nikikohoa ndiyo usiseme. Eksirei imetoka safi. Wengine wanasema nipige MRI, wengine nijichue na mafuta ya nyonyo. Hela ya MRI si ya mchezo. Nielekezeni.

Mzee wa Kahawa: Piga tu, mkuu. Mjomba alikutwa diski mbili zimechomoza, leo hainui hata ndoo ya maji.

Fizio Moro: Nafanya fiziotherapia, na majibu kama ya huyo mjomba naletewa sana. Eksirei ni ya mifupa; diski yenyewe, ule mto laini kati ya pingili na pingili, haionekani humo. MRI inaiona: yenye maji inang'aa, iliyokauka inakuwa nyeusi. Tatizo inaona mpaka visivyouma. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1994 uliwapima watu 98 wasioumwa mgongo kabisa, na zaidi ya nusu walikutwa na diski iliyotanuka nje. Kwa hiyo mjomba msimnyang'anye ndoo kwa sababu ya karatasi tu.

Dereva, mguu wako umeshasema mengi. Maumivu ya kufika kidole gumba mara nyingi ni mzizi wa neva wa L5 (L ni pingili za kiuno, zinahesabiwa kutoka juu), unaobanwa na diski ya kati ya L4 na L5. MRI ikionyesha uchakavu wa L2, hiyo siyo inayokuuma. Diski nyingi za namna hii hunywea zenyewe, ndiyo maana huwa tunasubiri kama wiki 6, dawa na mazoezi vikiendelea. Ila ganzi sehemu za siri, mkojo kugoma, mguu kulegea, au homa na kukonda (TB ya mgongo ipo), hapo hakuna kusubiri.

Dereva wa Tunduma: Mkojo uko sawa. Ila mguu wa klachi nauona mzito.

Fizio Moro: Vua viatu, tembea kwa visigino, vidole juu.

Dereva wa Tunduma: Kulia sawa. Kushoto vidole vinaanguka, havikai juu.

Fizio Moro: Basi niliyosema ya kusubiri yafute. Safari weka kando, kesho asubuhi muone daktari wa mifupa au wa neva. Umwonyeshe huo mguu kwanza, MRI ataiandika mwenyewe.