Fedha za kuboresha katikati ya jiji la Mwanza: swali letu tulipeleke kwa nani?

Mwenye duka, bonde la Mirongo

Ndugu zangu wakazi wa Mwanza, nawasalimu. Nina duka dogo la vifaa vya nyumbani upande wa chini wa mji, si mbali na Mto Mirongo. Msimu wa mvua uliopita mtaro unaopita mbele ya duka, ambao ulijengwa upya si muda mrefu, ulijaa mchanga ulioteremka kutoka milimani, vifuniko viwili vikavunjika na maji yakaingia hadi kwenye rafu za chini. Katika mkutano wa mtaa tuliuliza mtaro ule uligharimu kiasi gani na nani anapaswa kuutengeneza, tukajibiwa kwamba suala letu limechukuliwa. Jirani yangu alininong'oneza kwamba limechukuliwa kweli, ila hatujui limepelekwa wapi.

Sipingi mji kupendezeshwa. Nilifurahi niliposikia kwamba soko kuu la zamani litavunjwa ili lijengwe jipya, kwa kuwa lile la kwanza lilikuwa limechakaa. Ninachouliza ni hiki: mkazi wa kawaida, asiye na ndugu ofisini, ataona wapi kiasi kilichotengwa kwa ajili ya kazi fulani, kiasi kilicholipwa, na jina la aliyelipwa?

Mhasibu mstaafu, Ilemela

Mzee mwenzangu, pole kwa hasara. Swali lako ni zuri, lakini limebeba mambo matatu kwa pamoja, na ndiyo maana ni rahisi kulijibu bila kulijibu.

Kwanza, mji wetu una halmashauri mbili, ya Jiji upande wa Nyamagana na ya Manispaa upande wa Ilemela, na mtu anaweza kuvuka mpaka wake kwa daladala bila kujua. Pili, tangu mwaka 2017 barabara za mijini na vijijini zinasimamiwa na TARURA, ilhali barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Kwa hiyo mtaro unaofuata barabara mara nyingi hufuata pia mwenye barabara, hata kama aliyekuja kuukagua alikuwa mtendaji wa kata. Tatu, na hapa ndipo wengi hupotea, fedha zenyewe hazitoki mfuko mmoja. Kuna mapato ya ndani, yaani leseni, ushuru na kodi za vizimba. Kuna ruzuku ya Serikali Kuu, ikiwemo ile ya miradi ya kimkakati. Na kuna mikopo ya nje inayopitia Serikalini, kama ule mradi wa miji ya kimkakati uliogharamiwa na Benki ya Dunia kuanzia mwaka 2010, ambao Mwanza ilikuwamo pamoja na Arusha, Tanga, Mbeya, Dodoma, Kigoma na Mtwara.

Ukiuliza "fedha zetu zimekwenda wapi", kila ofisi itakuonyesha mlango wa jirani. Uliza mradi kwa jina lake, mwaka wa fedha, chanzo cha fedha na mkandarasi. Uliza pia kama kipindi cha matazamio kimekwisha, kwa sababu kabla hakijaisha mkandarasi ndiye anayewajibika kurekebisha kasoro za kazi yake kwa gharama zake. Kwa vifuniko vyako viwili, hilo lina uzito kuliko mengine yote.

Mama muuza vitenge, Makoroboi

Nakubaliana na baba hapo juu, lakini naona tunakimbilia hesabu kabla ya kuuliza nani alipanga. Sisi wafanyabiashara wadogo huambiwa kuhusu mradi siku ya kuhamishwa. Mipango inapaswa kuanzia kwenye mtaa, ipite kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata inayoongozwa na diwani, ndipo ifike halmashauri. Mwaka wa fedha ukianza tarehe 1 Julai, maneno yetu hayana tena nafasi katika bajeti hiyo. Anayesubiri mvua za masika ndipo aulize kuhusu mtaro amechelewa karibu mwaka mzima.

Mwanasheria kijana, Nyegezi

Naomba kuongeza upande wa sheria. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi inapaswa kumjibu ndani ya siku 30. Ikikataa, itaje sababu. Mikutano ya kawaida ya baraza la madiwani hufanyika kila robo mwaka, na mwananchi anaruhusiwa kuketi na kusikiliza taarifa za kata zikisomwa, ingawa viti vya wageni huwa vitupu.

Vilevile ripoti za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali kuhusu serikali za mitaa huwekwa hadharani zikishawasilishwa bungeni. Tahadhari moja: hati inayoridhisha maana yake ni kwamba hesabu zimeandaliwa kama inavyotakiwa. Haisemi kwamba mtaro ulijengwa mahali palipostahili, wala kwamba bei yake ilikuwa nzuri. Nimewahi kusikia hati hiyo ikitajwa mkutanoni kama jibu la swali ambalo haikuulizwa.

Mwenye duka, bonde la Mirongo

Nawashukuru nyote. Jana nilitembea na mwenyekiti wa mtaa hadi mwanzo wa mtaro, tukakuta bango la mradi limeegemezwa ukutani nyuma ya kibanda cha chipsi, jina la mkandarasi na muda wa mkataba bado vinasomeka. Nimepiga picha. Barua ina maswali manne tu, na wakazi kumi na saba wameshatia saini.

Mhasibu mstaafu, Ilemela

Toa nakala mbili, na usiondoke masijala kabla yako haijagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Siku 30 zitahesabiwa kuanzia hapo.