Ushauri: SACCOS yetu keshia wote wanatumia akaunti moja, nianzie wapi?

Fundi_Seva:
Habari wakuu. Nipo kitengo cha tehama kwenye SACCOS moja Kanda ya Ziwa. Mfumo wa mikopo umebeba namba za NIDA, mishahara na akiba za wanachama. Keshia wanaingia kwa akaunti moja, nywila imebandikwa chini ya kibodi. Meneja akisafiri anamtumia mhasibu nywila yake WhatsApp ili mikopo isikwame. Sasa bodi inataka "ulinzi wa kisasa", na kuna muuzaji kaleta bei ya mashine za alama za vidole. Mimi nilifikiria namba ya uthibitisho kwa SMS, maana wengine wana vitochi. Naombeni ushauri.

Mama_Hesabu:
Mkuu, mashine baadaye. Nakagua vyama vya ushirika. Hela ikipotea kwenye akaunti ya pamoja hakuna wa kumhoji. Kila keshia apewe akaunti yake wiki hii, haigharimu kitu. Meneja naye awekewe kaimu ndani ya mfumo, mwenye kikomo cha kuidhinisha, na aliyeingiza mkopo asiweze kuuidhinisha mwenyewe. Watu wanapeana nywila kwa sababu kazi inakwama.

Kitochi_Daima:
Vidole ndiyo kiboko. Nani ataazima kidole? 😂

Nanga_Tanga:
@Kitochi_Daima kikishaibwa kwenye mfumo utabadilisha kidole gani? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu taarifa za kibayometriki kuwa nyeti, sawa na miamala ya fedha. Mnajiongezea mzigo.

SMS nayo, tapeli akiswapu laini (akihamishia namba yako kwenye laini yake), namba za uthibitisho zinamfuata yeye. Bado ni afadhali kuliko nywila peke yake, ila mnaweza kupata zaidi. Programu ya uthibitisho kwenye simu hutoa tarakimu sita mpya kila sekunde 30 bila bando. Chunga saa ya seva: ikikosea kwa dakika chache namba zote zinakataliwa, na lawama ni zako. Wenye vitochi wapewe funguo za USB, vile vifaa vidogo vya kuchomeka kwenye kompyuta kuthibitisha ni wewe.

Wewe na meneja tumieni hizo funguo bila mjadala. Tarakimu sita mtu anaweza kuziandika kwenye ukurasa feki. Ufunguo huangalia anwani ya tovuti na kugoma. Mwaka 2022 wafanyakazi kadhaa wa Cloudflare, kampuni ya huduma za intaneti, walinaswa na SMS za kitapeli wakatoa nywila zao. Wavamizi hawakupita, kila mfanyakazi alikuwa na ufunguo.

Fundi_Seva:
Shukrani. Tatizo mfumo wetu ni wa kizamani, unajua nywila tu.

Nanga_Tanga:
Basi uweke nyuma ya VPN, yaani njia salama ambayo lazima mtu aipite kwanza kuufikia mfumo; uthibitisho wa pili (ufunguo au zile tarakimu) ufanyikie hapo. Lakini safisha akaunti kwanza. Colonial Pipeline, kampuni ya mabomba ya mafuta ya Marekani, 2021, waliingiliwa kupitia akaunti ya VPN iliyokuwa haitumiki tena, haina uthibitisho wa pili. Walilipa wavamizi kama dola milioni 4.4. Mtu akiacha kazi, akaunti ifungwe siku hiyo hiyo.

Mama_Hesabu:
Na usiwalazimishe kubadilisha nywila kila mwezi, wataziandika tu kwenye karatasi. Hata NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, haishauri hivyo. Nywila ndefu, ibadilishwe kukiwa na dalili imevuja.

Kitochi_Daima:
Haya, ufunguo ukipotea Jumamosi foleni imejaa?

Nanga_Tanga:
Kila mtu asajiliwe funguo mbili, wa akiba ukae kwenye sefu ya tawi na usainiwe daftarini. Na anayepiga simu "nimesahau nywila, nifungulie" asifunguliwe hata akijiita mwenyekiti wa bodi. Aje mwenyewe, au tehama impigie kwa namba iliyo kwenye faili lake.