Tume ya uhifadhi ya mji: ina nguvu gani juu ya nyumba ya mtu?

mgeni_wa_ohio: Wakuu, swali kwa mlio Marekani. Nyumba ni ya matofali, ya miaka ya 1890, kwenye mtaa ambao mji umeutangaza wa kihistoria. Nataka madirisha ya plastiki, na kupiga saruji upya katikati ya matofali. Naambiwa nipite kwanza kwa tume ya uhifadhi, kumbe wajumbe ni wakazi wa kujitolea tu! Wanaweza kunizuia kweli? Na kama iko kwenye Rejesta ya Taifa, ile orodha ya serikali kuu ya majengo ya kihistoria, mwamuzi si serikali kuu?

karani_mstaafu: Ni kinyume chake, mkuu. Rejesta ya Taifa, iliyotokana na sheria ya 1966, haimfungi mwenye nyumba anayetumia fedha zake bila ruzuku wala kibali cha serikali kuu. Hata kubomoa anaweza. Meno yapo kwenye sheria ndogo ya mji. Mji wa Charleston, South Carolina, ulianza na sheria ya namna hiyo mwaka 1931, na mwaka 1978 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Penn Central kuhusu kituo cha treni cha Grand Central, New York, iliuruhusu mji kuzuia ujenzi juu yake bila kulipa fidia.

Wajumbe wa tume kutolipwa hakuwapunguzii mamlaka. Wanateuliwa na meya au baraza, vikao ni vya wazi, na uamuzi wao una rufaa. Ila nguvu zinatofautiana sana: kuna tume za kushauri tu, kuna zinazochelewesha ubomoaji kwa miezi, na kuna zinazokataa moja kwa moja. Soma sheria ya mji wako kabla ya kubishana. Ndani ya nyumba kwa kawaida hawahusiki.

Kazi yao nyingine haionekani: kuorodhesha majengo mtaa kwa mtaa. Tangu marekebisho ya 1980, mji wenye sheria yake, tume yenye sifa na orodha hiyo unaweza kuthibitishwa rasmi kuwa mshirika wa serikali kuu katika uhifadhi, na jimbo linatakiwa kuigawia miji ya namna hiyo angalau asilimia 10 ya fedha za uhifadhi linazopata kila mwaka kutoka serikali kuu.

fundi_chokaa: Saruji iache kabisa. Matofali ya enzi hizo ni laini. Saruji ni ngumu kuliko yenyewe na haipitishi unyevu. Maji yanatafuta njia kwenye tofali, baridi ikiingia yanaganda, uso wa tofali unabanduka. Waliokarabati nyumba za matumbawe Lamu au Mji Mkongwe wanaujua ugonjwa huu, japo kule kinachobandua ni chumvi, si barafu.

Chimbua mota ya zamani, yaani udongo wa kuungia matofali, kwa kina cha mara 2 hadi 2.5 ya upana wa kiungo, ile nafasi kati ya matofali. Cha sentimita 1 chimba 2 hadi 2.5. Grainda kwenye viungo vya wima inakata matofali, tumia patasi. Jaza chokaa kwa tabaka za kama milimita 6, ziwe na unyevu, na usifanye kazi chini ya nyuzi 4 za Selsiasi.

Madirisha: kanuni ni kutengeneza kabla ya kubadilisha. Mara nyingi kilichooza ni pao la chini na kizingiti tu, unaunga kipande. Kwa baridi, ongeza dirisha la pili kwa nje. Ombi la namna hii hupita kirahisi, miji mingine bila hata kikao.

mjumbe_kimya: Nyongeza. Peleka picha za kila upande, picha ya karibu ya kila sehemu iliyooza, vipimo na sampuli ya mota. Ukiandika "yamechakaa" tu, utaahirishwa hadi kikao kijacho, na vingi ni vya mara moja kwa mwezi. Wakikukataa, dai waandike kifungu cha mwongozo wa tume walichotumia. Mjumbe kusema "sipendi" si sababu, na uamuzi wa hivyo huanguka kwenye rufaa. Mjumbe ambaye ni jirani yako mwenye maslahi anapaswa kujitoa kwenye uamuzi.

Halafu usihesabu ile nafuu ya kodi ya asilimia 20 ya serikali kuu: ni ya majengo ya biashara au ya kupangisha, nyumba unayoishi mwenyewe haimo. Ulizia ya jimbo, tena kabla fundi hajagusa ukuta.