Naomba ushauri: mgeni wetu kanakili beti za mwenzake

Wakuu, habari. Nahariri kijarida cha kikundi chetu cha mashairi hapa Tanga. Kijana aliyejiunga juzi kaleta shairi, kumbe beti mbili za mwanzo ni za malenga mwingine neno kwa neno. Kabadili kibwagizo tu. Beti zake mwenyewe mizani inapwaya, silabi 16 za mshororo zinakuwa 14.

Anasema alidhani ni kama malumbano ya washairi, unamjibu mtu kwa vina vyake. Namwamini. Wenzangu wanataka afukuzwe, wanataja Sheria ya Hakimiliki ya 1999. Lakini sheria hiyo hiyo inaruhusu kunukuu kwa kiasi, mradi umtaje mwenye kazi.

Nafikiria kumwita pembeni aandike upya. Je, mwenye beti tumwambie? Na akirudia, tumtoe?