Kafuta "ER" kwa mate, mbele ya wageni wangu!

Wakuu, nina hasira mpaka chai haishuki. Mnamjua, sina haja ya kumtaja: yule anayesahihisha hadi matangazo ya msiba. Leo kambini Natron nimeandika ubaoni "Lesser Flamingo, 6:00", yaani heroe mdogo. Jamaa kainuka, kalamba kidole gumba, kafuta "ER". Kwa mate! Eti "less" peke yake inatosha kulinganisha, ukiongeza "er" umelinganisha mara mbili.

Ikabaki "Less Flamingo". Mama mmoja wa Kijerumani akauliza kama ndege wamepungua, basi na bei ipungue. Heroe wamejaa ziwa zima, wanataga palepale, mimi nadaiwa punguzo! Na tandala mdogo naye tumwite "Less Kudu"? Kidole kile, wakuu. Mate yale.

Msomi wa Kijiweni: Pole mkuu, ila jamaa ana babu yake. Samuel Johnson, mtunga kamusi wa Uingereza, kwenye kamusi yake ya Kiingereza ya 1755 aliiita "lesser" uharibifu wa kishenzi wa "less". Watu hawakumsikiliza, na leo ni Kiingereza safi, mradi uiweke kabla ya jina la kitu.

Mleta uzi: Huyo Johnson naye alifuta kwa mate?

Mama Chaki: Nimecheka hadi mtoto kaamka 😂 Gumba limepita kwenye ubao wa wageni na wewe umesimama tu unaangalia?

Mleta uzi: Nilikuwa nimeshika thermos mbili!

Spea Taya: Si wewe uliyeandika "more better" kwenye uzi wa matairi?

Mleta uzi: Shakespeare kaandika "more better" kwenye The Tempest. Kamfutie na yeye.

Karani Mchovu: Afadhali mate. Bosi wangu kanirudishia ripoti nzima kisa "less" badala ya "fewer". Mshahara wa mwezi jana hajalipa.

Spea Taya: Nyie mna mshahara? Sisi ni tipu tu, na mgeni akikupa stika ya bendera yao unashukuru.

Mgeni wa Jukwaa: Samahani, heroe si ndiye korongo?

Msomi wa Kijiweni: Hapana!!! Korongo ni mwingine kabisa.

Mama Chaki: Kwetu wote tunaita korongo na hatujafa.

Dereva Mkimya: Barabara ya Mto wa Mbu kwenda Natron ikoje? Nina wageni Alhamisi.

Spea Taya: Vumbi tupu. Beba spea mbili.